Njia Iliyopimwa kwa Pikipiki

Wasomaji, mnisamehe kwanza makosa ya kuandika, na herufi zangu zinazolala upande mmoja kama ua wa miti iliyooza. Nilimaliza shule ya msingi tu, na mkono wangu umezoea sindano ya kushonea viatu kuliko kalamu. Ukurasa mmoja unanichukua siku nzima. Nikikosea nakata kwa mstari, kwa hiyo karatasi hii imejaa mistari. Lakini haya nimeyaona mwenyewe, na mengine niliyasoma chini ya viatu, mahali ambapo watu hawakumbuki kusema uongo.

Mimi ni kordonye, fundi wa viatu, hapa Birere. Karakana yangu ni sanduku moja la mbao, mwavuli mmoja, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja ni jiwe. Goma ni mji mzuri kwa kazi yangu. Tunatembea juu ya mawe meusi ya volkano, na mawe hayo yanatafuna soli mchana kutwa bila kushiba. Mtu akinipa kiatu, kabla hajafungua kinywa najua anavyotembea. Anayebeba mizigo kichwani, kisigino chake kimelala. Anayekaa ofisini, kiatu chake kimechoka mbele tu, kwa sababu ya kugongagonga mguu chini ya meza akingoja saa ya kutoka. Kusema na watu ni kazi ngumu kwangu, hata jina langu linanitoka kwa shida. Viatu havinisumbui.

Mara mbili kwa wiki, mchana, naimba katika korale ya parokia yetu. Naimba sauti ya chini, nyuma ya ngoma kubwa, na ninaamini wako wanakorale wanaofikiri kwamba mimi ni wa kubeba ngoma tu. Aliyeniingiza ni koko, mama wa mama yangu, ambaye ninakaa naye. Koko anaimba mbele, katikati. Alikuwa hapo kabla wengi wetu hatujazaliwa, na kila prezida mpya wa korale anajaribu kumsogeza pembeni kidogo, halafu anachoka.

Korale ilipokaribia sikukuu yake, sekretere wetu, kijana mwenye telefone kubwa, alituonyesha foto. Zilikuwa za Wazungu wanaotembea milimani siku tatu, siku nne, na mifuko mikubwa mgongoni, wanacheka. Alitueleza kwamba watu hao wana magari nyumbani, ila wanayaacha na kwenda kwa miguu ili wapumzike. Mama zetu wote wametembea maisha yao yote na mizigo mizito kuliko ile, kutoka Kibumba na kabeji, kutoka Sake na makala, yale makaa ya kupikia, na hakuna aliyewahi kuwapiga foto wala kuwaambia kwamba wanapumzika. Lakini tulizitazama zile foto, mama hao pia wakazitazama, na wote tukakubali kwamba ni jambo la maendeleo.

Basi ikaamuliwa: safari ya miguu, siku tatu, mfuko mgongoni, nyimbo njiani. Na mwendo wa polepole. Papa Prezida, mzee kiongozi wa korale, aliandika neno hilo ubaoni kwa chaki, POLEPOLE, akalipigia mistari miwili chini yake, ili kila mtu wa korale aweze kwenda, mkubwa kwa mdogo. Ubao ule haukufutwa wiki tatu, na kila mtu alipita mbele yake akienda kutetea njia iliyo ya mbio.

Vijana walitaka kupanda volkano. Walitaka foto za usiku za lile ziwa la moto. Wazee waliwajibu kwamba mlima ule ulikwisha kuja kututembelea wenyewe hadi mjini, ukaingia katika nyumba bila kubisha hodi, na hakuna anayejiona ana deni la kuurudishia matembezi. Hilo likaisha.

Papa Prezida alitaka Kiwanja. Yeye ni mfanyabiashara wa maharagwe hapa Birere, na maharagwe yake yanatoka kulekule. Alisema njia ya kwenda Rutshuru na Kiwanja ni nzuri, mtu anaacha Goma, anapita Kibumba, upande wa kulia milima na upande wa kushoto milima, hewa safi, halafu barabara inateremka yenyewe. Alisema pia kwamba kila mwanakorale aje na mfuko mkubwa lakini usiojaa. Sisemi kwamba alitaka korale nzima imbebee maharagwe wakati wa kurudi. Nasema tu kwamba mfuko usiojaa, ukifika Kiwanja wakati wa mavuno, haurudi hivyo.

Halafu koko akanyoosha mkono. Alitaka twende kwao, Masisi. Tuchukue gari mpaka Sake, na kutoka Sake tupande kwa miguu mpaka Mushaki, na mbele kidogo, kwenye malisho ambako mdogo wake anakaa na ng'ombe wake. Kule iko kapela, kanisa dogo, ambamo koko aliimba mara ya kwanza akiwa msichana.

Hiyo kapela ndiyo aliyoitaja mbele ya watu. Mimi ninayekaa naye nilijua sababu nyingine. Mdogo wake ana telefone siku hizi, na kila Jumapili anampigia. Wanaanza kwa salamu za Kinyarwanda, ndefu na zenye adabu, halafu yule mdogo anauliza habari za goti. Goti la kushoto la koko linavimba. Mdogo wake anacheka, anasema ni muji ndio unaharibu miguu. "Yaya, siku utakuja kunisalimia, ukuje tu na pikipiki," anamwambia, maana yaya kwetu ni dada mkubwa. "Hapa kwetu iko mulima. Miguu ya muji haipande mulima." Koko anakata telefone, anakaa muda mrefu akikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari. Miaka yote hiyo hakwenda kumsalimia mdogo wake, na sababu ni hiyo moja tu. Alitaka kufika kwa miguu yake, mlango wa mbele, na kuonekana.

Mkutano ulimsikiliza koko kwa heshima kubwa, na hapo ndipo nikajua kwamba tumeshindwa. Papa Prezida alimshukuru kwa mawazo yake mazuri. Sekretere akasema kwamba hata tukienda Kiwanja, koko hataachwa. Pikipiki ya kubeba masufuria itakuwepo, na nyuma ya masufuria iko nafasi.

"Koko atapanda pamoja na masufuria," alisema, na akaliandika katika daftari.

Nilikuwa nyuma ya ngoma. Nilikuwa na maneno, yalikuwa yamejipanga vizuri kabisa, na nilianza kukohoa ili yatoke. Watu wawili wakageuka. Nikajifanya natafuta kitu chini.

Nilirudi nyumbani na koko. Alipofika mlangoni tu akaniuliza kama nafikiri yeye anafanana na sufuria.

Ili kumaliza mabishano, Papa Prezida alitangaza kwamba yeye na sekretere watajitolea. Wawili hao watatembea njia yote ya Kiwanja wao wenyewe, kwa mwendo wa polepole, waone kama inafaa kwa watu wa umri wote. Waliondoka asubuhi ya Jumatatu. Waliporudi, waliitisha mkutano, na Papa Prezida akasimama mbele ya ubao, chini ya lile neno lake.

Alisema wametembea. Alisema wamepumzika mahali pengi, na hata hivyo hawakutoka jasho. Alisema hata mama mwenye mimba ya miezi minane anaweza. Kila walipouliza watu njiani kama Kiwanja iko mbali, waliambiwa ni hapa tu. Wanakorale walitikisa kichwa kwa furaha, kama vile hawajazaliwa nchi hii. Kwetu kumwambia msafiri aliyechoka kwamba bado ni mbali ni kukosa adabu, kwa hiyo kila mahali ni hapa tu. Hapa tu yaweza kuwa nyuma ya nyumba ile, na yaweza kuwa kesho jioni.

Koko aliuliza walilala wapi. Papa Prezida alisema, kwa watu wema. Koko akauliza, siku ya kwanza mlipita mahali gani saa ya chakula? Papa Prezida akasema kwamba maswali ya vyakula yataulizwa kwa komite ya vyakula.

Siku mbili baadaye Papa Prezida aliniletea viatu vyake. Vilikuwa vile basketi vyeupe, raba za kutembelea, alivyovinunua kwa ajili ya safari, mutumba lakini mzuri. Aliviweka juu ya sanduku langu, akasema kiatu cha kulia kimefunguka kidogo pembeni, nikibandike kabla ya Jumapili, kwa sababu atavivaa katika maandamano ya kuingia misa ili watu waone viatu vilivyofika Kiwanja. Alipokwenda, nikavigeuza.

Soli zilikuwa na meno yake yote. Mtu akitembea kutoka hapa mpaka sokoni Birere na kurudi, kwa juma moja, soli yake inachakaa kuliko zile. Mimi nimeshona viatu vya mama wanaoteremka kutoka Kibumba, ambayo ni mwanzo tu wa njia ya Kiwanja, na najua vinavyokuja: vimekatwa na mawe, unaweza kuona kidole kikikusalimu. Hivi vilikuwa safi chini kama sahani. Lakini kiatu cha kulia, upande wa ndani, karibu na kisigino, kilikuwa kimeyeyuka. Mpira ulikuwa umechemka, ukateremka, ukakauka ukiwa na mkunjo wa kahawia, mrefu kama kidole.

Kila kordonye wa Goma anajua alama hiyo. Ni bomba la moshi la pikipiki. Anaipata abiria wa pili, yule anayekaa nyuma kabisa wakati dereva amebeba watu wawili, kwa sababu wa katikati ndiye anayepata mahali pa kukanyagia, na wa nyuma miguu yake inaning'inia mpaka inachoka na kutafuta pa kupumzika. Nikaiona safari yao yote kana kwamba nilikuwa kando ya barabara: dereva mbele, sekretere katikati, na Papa Prezida nyuma, mtu mzima mwenye tumbo, ameshika kofia, anapima njia ya watu wa umri wote.

Na si kwamba walitaka kutudanganya tangu mwanzo. Nafikiri walitembea mpaka mji ulipoishia, wakaona jua, wakaona pikipiki. Nani kwetu anapima njia kwa miguu kama pikipiki ipo? Hata padiri akisema kapela fulani ni ya dakika ishirini, hasemi miguu ya nani. Ila safari hii ilikuwa na ubao.

Nilijua pia jambo hili litamalizika vipi. Tutaondoka Goma tukiimba. Kabla ya Kibumba koko atakuwa amekaa juu ya jiwe. Sekretere atafungua daftari, na koko atapandishwa nyuma ya masufuria mbele ya watu wote. Mdogo wake atapata habari kabla ya Jumapili, kwa sababu habari za namna hiyo hazihitaji telefone.

Nilipaswa kumwendea Papa Prezida na kumwambia. Nilijaribu nyumbani, mbele ya ukuta, na hata ukuta ulinitia haya. Basi nikachukua karatasi. Nilianza saa sita, nikamaliza wakati wenzangu wanafunga miavuli. Haya ndiyo niliyoandika:

"Papa Prezida, jambo yako. Ni mimi kordonye. Hii viatu haikutembea mpaka Kiwanja. Ilibebwa. Pale iliungua ni bomba ya pikipiki. Sijaambia mutu. Koko hawezi ile njia kwa siku tatu, na hataki kukaa na masufuria. Tafazali utafute njia ya miguu. Aksanti."

Nikaikunja mara nne, nikaiingiza ndani kabisa ya kiatu cha kulia, mbele, pale vidole vinapokaa. Nilifikiri ataiona nyumbani. Sikufikiri kwamba kuna watu wanaovaa viatu bila kutazama ndani. Sisi tunaokaa karibu na mawe yenye wadudu hatufanyi hivyo.

Alituma mtu kuvichukua Jumamosi. Jumapili, korale iliingia misa kwa maandamano, wawili wawili, na mbele yetu Papa Prezida na viatu vyeupe, akichechemea. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, kama nilivyosema. Kila hatua ya kulia uso wake ulijikaza, na kila hatua ya kushoto ulipata nafuu. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alinong'ona kwamba masikini, ameumia kwa ajili yetu. Mwingine akasema, ni ile njia ndefu, alituficha tu. Kufika altare, nusu ya korale walikuwa na machozi. Mimi nyuma ya ngoma nilikuwa natoka jasho mpaka ngozi ya ngoma ikapata unyevu.

Jumatatu asubuhi alikuja Birere. Alikaa juu ya benchi langu, benchi likalalamika, na akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imechukua umbo la kidole chake kikubwa.

"Wewe," alisema. "Wewe wa kushindwa hata kuitika salamu. Kumbe unajua kuandika?"

Nikatazama gundi yangu.

Aliniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna, ni viatu na mimi. Alivuta pumzi, akaanza kunieleza kwamba walitembea sehemu kubwa, kwamba sekretere ndiye aliyeona pikipiki kwanza, kwamba kiongozi hawezi kumwacha sekretere aende peke yake. Nilimwacha aseme. Watu wanafikiri ninyamazapo ninapima maneno yao, kumbe nashindwa kuanza yangu. Akaishiwa maneno mwenyewe. Mwisho aliuliza, kwa sauti ya mtu anayenunua:

"Sasa unataka nini?"

Na hapo nikasema. Sijui yalitoka wapi. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa na kiatu mkononi.

"Nataka Koko afike na miguu yake, papa. Kwa mudogo wake. Bila masufuria."

"Ile njia ya Sake mpaka Mushaki?" Alicheka. "Pikipiki inapanda ile njia kwa saa moja. Sisi tuifanye siku tatu? Hiyo ni safari ama ni kulala?"

"Muliandika polepole," nilisema. "Muliweka hata mistari mbili."

Halafu alikunja karatasi tena, akairudisha mfukoni, na akaniuliza, polepole kweli mara hii, tutakuwa tunalala wapi.

Hilo koko alikuwa nalo tayari. Usiku hakuwa analala, alikuwa anapanda ule mlima kichwani. Alikuja kukaa kwenye benchi langu akanipangia njia yote, na mimi nikaandika. Hakutaja umbali hata mara moja. Alihesabu nyumba. Alisema wenye foto wanakosea jambo moja, wanafikiri mfuko unapungua uzito siku zinavyopita kwa sababu wanakula kilichomo. Kwetu mfuko unaongezeka. Hupiti nyumba ya ndugu bila kuingia, huingii bila kuketi, huondoki mikono mitupu. Kama unataka kwenda polepole, chagua njia yenye ndugu wengi, hutahitaji mtu wa kukuambia upumzike.

"Hapa tunaketi," alisema, akigusa kidole cha kwanza. "Hapa tunaketi na kula. Hapa hatuketi, wako na kiburi, lakini tutasimama mulangoni mpaka waone haya walete maziwa. Hapa tunalala."

Siku ya kwanza ilikuwa na nyumba nne. Ya pili, sita, na mzee mmoja ambaye lazima asikilizwe. Ya tatu ilikuwa na nyumba moja tu, na koko hakuitaja ni ya nani.

Mkutano uliofuata, Papa Prezida alisimama mbele ya ubao akatangaza kwamba baada ya kutafakari na kusali, ameona njia ya Kiwanja ni nyepesi mno kwa korale kama yetu. Watu wakapiga makofi. Alisema ametafuta njia yenye mapando ya mlima, njia ya kiroho, na Roho amemwonyesha Sake na Mushaki. Wakapiga zaidi. Sekretere alifungua kinywa, Papa Prezida akamtazama, sekretere akafunga. Nilimtazama koko. Alikuwa anapiga makofi kuliko wote, kwa adabu, kama mtu anayesikia wazo hilo kwa mara ya kwanza. Mama wa sauti ya kwanza akauliza hali ya mguu wake, Papa Prezida akasema unaendelea, asante.

Nilimtengenezea koko viatu. Ngozi ya juu ilitoka kwa kiatu cha mwanaume kilichoachwa kwangu mwaka mzima, na soli nikakata kutoka tairi la gari, nene, kwa sababu nilitaka kitu ambacho mawe yatakichoka. Alisema ni vizito. Siku ya pili aliacha kusema.

Tulifanya siku tatu kama alivyozipanga. Njia zilikuwa zimetulia wakati huo, hakukuwa na vita, na mtu wa hapa njia ikitulia anaitumia upesi. Walioandaa miguu kwa kutazama foto walishangaa kwamba tunatembea kidogo na kukaa sana. Kufika siku ya pili mifuko ilikuwa na viazi, jibini tunayoiita fromaji, kabeji, na jogoo mmoja aliyekuwa anaitika nyimbo zetu mahali pasipotakiwa. Sekretere alipiga foto moja tu ya mlima. Nyingine zote ni za watu wakila.

Siku ya tatu, mchana, lilibaki pando moja. Korale ilikwisha kutangulia, nasikia sauti zao juu. Nyuma tulibaki sisi wanne: koko, mimi, Papa Prezida na sekretere. Koko alikuwa amekaa juu ya jiwe. Goti lilikuwa limejaa, hata kitenge hakikulificha. Alikaa mpaka jasho likamkauka, akajaribu kusimama, akakaa tena.

Pikipiki ya masufuria ikatufikia. Dereva akasimama. Sekretere, ambaye si mtu mbaya, ni mtu wa haraka tu, aliinama akamwambia koko kwa upole kwamba apande pando hili tu. Atashuka kabla ya nyumba, pale kwenye kona. Mdogo wake hataona. Hakuna atakayejua.

Koko aliitazama ile pikipiki kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Aliitamani, naandika bila kumfichia. Halafu akatazama miguu yake, yale matairi yangu, yamejaa vumbi.

"Na viatu je?" alisema. "Mujukuu wangu atavishona kesho. Atasoma nini?"

Hakuwa anajua jambo lolote. Sikumwambia, wala leo hajui, labda akisomewa karatasi hii. Alisema tu kwa sababu ananijua. Lakini Papa Prezida alishusha macho kwenye basketi zake, ambazo safari hii zilikuwa zimeliwa kweli, na ule mkunjo wa kahawia ulikuwa bado upo. Alikohoa. Akamwambia dereva aende.

"Hapa hakuna muzigo," alimwambia.

Halafu akakaa chini, kwenye majani, akasema yeye pia amechoka, tungoje. Sekretere alitazama saa yake mara mbili, akakaa. Tulingoja mpaka goti lenyewe likakubali. Koko alipanda pando lile akiwa ameshika bega langu, akisimama kila baada ya hatua kumi kutukana mji wa Goma, mawe yake na hewa yake. Kwenye kona aliachia bega langu, akafunga kitambaa upya, na akaenda peke yake.

Mdogo wake alikuwa mlangoni. Kabla ya kumsalimia alimtazama miguuni. Alitazama vumbi, lilikuwa la kweli. Alitazama nyuma yetu kama kuna pikipiki, haikuwepo. Ndipo akaona soli.

"Tairi?" alisema. "Kumbe yaya ulikuja na gari."

Koko alicheka mpaka akalazimika kukaa, na mdogo wake akamletea kiti mwenyewe, na maziwa, na hakuuliza habari za goti mpaka tulipoondoka.

Ninyi mliosoma mpaka hapa, niandikieni. Nataka kujua kama kordonye ana haki ya kusema alichosoma katika kiatu cha mteja, kwa sababu jambo hilo linanisumbua, na Papa Prezida tangu siku ile anapeleka viatu vyake kwa fundi mwingine. Niambieni pia njia za kwenu, lakini zile mlizotembea kwa miguu tu. Barua mkiiacha kwa mama anayeuza mandazi karibu na sanduku langu, itanifika. Mwandike kwa herufi kubwa, maana hata kusoma nasoma polepole. Nitawajibu wote, ila msihesabu siku.